Gari Lililomwamkia Baba

Kwako Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimeacha kukusumbua na usingizi umeanza kurudi. Mama najua mkono unamwasha ndani ya plasta na ameshatafuta kijiti cha kujikunia. Mwambie daktari alikataza, ingawa sote tunajua hatasikia. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanasoma, wanagombana na wanakula kama wameajiriwa kula. Anayekukabidhi bahasha hii ni mkwe wako, na nimemwomba asikae kupiga soga bali akupishe usome.

Umeshaona kuna kitu kimepungua hapo juu. Sijakuamkia. Usidhani Kasuku wako amepoteza adabu aliyolelewa nayo. Salamu yako ninayo, nimeiweka mwisho wa barua, na ukifika huko utajua kwa nini sikuweza kuanza nayo. Nakuomba jambo moja tu: hii usimsomee Mama kwa sauti kama ulivyozoea. Isome kwanza peke yako, kisha ukipenda mpe.

Kaka ameniambia kwamba Jumatatu unakwenda ofisi ya leseni kuirudisha yako kwa hiari kabla hujaitwa. Anasema umeshaitoa kwenye pochi, umeiweka juu ya kabati karibu na redio, na hutaki ubishi. Yeye ameona ni uamuzi wa mtu mwenye busara. Mimi simu nusura iniponyoke mkononi. Ndiyo maana naandika, Baba. Usiirudishe. Nisome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama kuna mtu mwingine anayepaswa kunyang'anywa kitu.

Ningeweza kuja kukueleza ana kwa ana, lakini unanijua. Nikiuona uso wako nitaanza kuchekacheka, nitauliza habari za kuku, nitaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa, na nitaondoka na maneno yangu mdomoni. Kwa simu ndiyo haiwezekani kabisa, maana nyumba ile simu ya mmoja husikilizwa na wote.

Nianzie kwenye gari lenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaletea. Kaka alipotaka kununua gari nilimkalia kooni. Nilimwambia la petroli ni la jana, kwamba la kampuni yetu halina plagi za kusafisha wala rejeta ya kuchemka, kwamba ukilichomeka kwenye umeme jioni asubuhi limeshiba. Rafiki yako fundi wa gereji ya kona alisema yeye haliamini gari lisilonguruma, kwa sababu huwezi kujua likiwa limekasirika. Wewe ulifungua boneti, ukakuta sanduku tupu la kuwekea mizigo, ukatuuliza kwa upole kama kiwandani walisahau injini. Kisha ukazunguka nyuma kutafuta bomba la moshi, ukalikosa, ukasema basi hata likifa hatutajua. Tulicheka siku ile. Nakumbuka nilifurahi kukuona unalizungukazunguka, mikono nyuma, kwa jinsi ulivyokuwa unalikagua gari la wagonjwa kila asubuhi kabla ya kulitoa hospitalini.

Halafu Kaka akakuandikisha dereva pamoja na umri wako, ukaketi, ukabonyeza kitufe, na gari likasema Shikamoo.

Uligeuka kutazama kiti cha nyuma uone nani kaingia. Ulipoelewa ulicheka mpaka ukafuta macho, ukaitikia marahaba kwa sauti kubwa, ukatangaza kwamba gari hili limelelewa kuliko wajukuu zako. Ulimwita fundi aje asikie. Ulimwita muuguzi wa nyumba ya pili. Ulilizima na kuliwasha tena ili likuamkie upya, nalo likakuamkia, nawe ukaitikia. Tangu siku hiyo hukuwahi kulipanda bila kulijibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya nashangaa pamoja na wengine, na moyo umenijaa.

Baba, salamu ile niliiandika mimi.

Nyumbani mnajua tu kwamba nafanya kazi ofisi ya magari, mambo ya kompyuta. Kazi yangu hasa ni kulitilia gari maneno ya Kiswahili, yale linayoyasema na yale yanayotokea kwenye skrini. Wenye kampuni wanaleta sentensi kwa lugha yao, mimi nazigeuza, na mtangazaji mmoja mwenye sauti laini anazisoma. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kumpokea dereva. Wenzangu walitaka Karibu. Nikasema Karibu ni neno la dukani, na kwamba kwetu mtu mzima haokotwi tu njiani, anaamkiwa. Kwa kuwa gari linaujua umri wa dereva tangu anapojisajili, likimwona ni mtu mzima na limwamkie. Nilikuwa nakuona wewe wakati nayasema hayo. Wakubwa walipiga makofi. Wakaniita mbele ya wageni wakaeleza kwamba hivi ndivyo gari linavyoingia kwenye familia za watu. Sikuwaambia nyumbani kwa sababu nilitaka siku moja nikushtue kwa furaha, nikwambie kwamba binti anayekuamkia kila asubuhi ni mimi.

Baada ya hapo ikaja sentensi ya onyo. Unajua lile gari likiwa barabara kuu hujiendesha lenyewe, likifuata mistari kwa kamera zake. Mistari isipoonekana linashindwa, na hapo lazima limwambie dereva achukue usukani upesi. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ofisini tunamwita Kamusi, alikuwa ameandika Kamata usukani, na akataka litanguliwe na mlio mkali. Nilimcheka mbele za watu. Nilimwuliza kama anaandikia gari au kituo cha polisi. Nilisema kukamata ni kwa wezi na kuku, na kwamba mzee mwenye heshima zake hawezi kufokewa na gari. Nikaandika Shika usukani. Mlio nikaomba upunguzwe. Sauti nikataka iwe ileile ya salamu, ya binti aliyefundwa. Kamusi alisema wasiwasi wake ni kwamba mtu hatashtuka, nami nikajibu kwamba wazee hawashtuliwi, wakacheka wote upande wangu.

Sasa yaseme yote mawili kwa sauti, Baba, polepole, ukiwa peke yako hapo. Shikamoo. Shika usukani. Unasikia yanavyoanza?

Siku ya ajali sikuwepo, lakini Mama amenisimulia mpaka naiona. Mlikuwa mnatoka kumjulia hali shangazi. Barabara kuu ilikuwa inachimbwa upande mmoja, malori ya kifusi yamemwaga udongo mpaka mistari imefunikwa. Mikono yako ilikuwa mapajani, kwa sababu muuzaji alikufundisha mwenyewe kwamba katika barabara ile inaruhusiwa. Mama alikuwa katikati ya habari za shangazi na mashine yake ya kushona. Gari likasema neno lake kwa sauti yake laini, nawe ukaitikia Marahaba. Mama anasema uliitikia bila hata kukatiza mazungumzo, kama mtu aliyepishana na mtoto wa jirani njiani. Gari likauachia usukani kama lilivyoonya, likaenda kwenye kingo za chuma upande aliokaa Mama.

Kaka aliponipigia kunieleza alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kulia. Alisema Mama amevunjika mkono lakini yu hai, na kwamba mzee kaanza kuitikia salamu za hewani, kaamkiwa na nani sijui, kaitika, kaingia kwenye chuma. Alipotaja tu salamu nilielewa yote. Nilikaa sakafuni jikoni. Na bado nilicheka pamoja naye, Baba. Nilicheka kwa sauti ili asiulize nimenyamazia nini.

Mzaha ule haukukaa ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa Mzee Taratibu. Umeendesha gari la wagonjwa miaka yote bila kumgusa hata mbuzi, na wauguzi walikuwa wanasema aliyepakiwa na Mzee Taratibu amekwisha kupona nusu, na nusu nyingine amwachie daktari. Nilipokuja juzi nilimsikia fundi, rafiki yako wa siku zote, akikuita Mzee Marahaba kutoka chini ya gari la mtu. Vijana waliokuwa benchini wakacheka, nawe ukainua mkono ukacheka nao. Nilikuwa nyuma yako nimebeba dawa za Mama. Nilitaka kumvuta fundi miguu nimtoe kule chini, lakini aliyelileta jina lile hakuwa yeye.

Kisha ilikuja taarifa ya kampuni, ile Kaka aliyokusomea sebuleni. Ilisema gari lilitoa onyo kwa wakati, dereva akathibitisha kwa sauti kwamba amelisikia, na hakuchukua hatua. Mama anasema ulimwomba Kaka arudie pale penye kuthibitisha. Ukasema kama wataalamu wamesikia kwamba umesikia, basi ulisikia, na kama ulisikia na hukumbuki, basi kichwa ndicho kimechoka. Tangu hapo umekuwa ukijipima. Mama amekukuta unahesabu kinyumenyume kutoka mia. Amekuona unajiuliza majina ya watoto wa shangazi. Kaka aliposema afadhali funguo za pikapu yako nazo azitunze yeye, ulimpa kabla hajamaliza kusema.

Na siku ile ya kliniki, Baba, nilikwambia utupeleke wewe kwa pikapu, ukasema hapana, tutafutieni dereva. Alikuja yule kijana mwenye kofia. Ukafungua mlango wa nyuma ukakaa, ukafunga mkanda, ukaweka mikono juu ya magoti. Sijawahi kukuona kiti cha nyuma. Nilikuwa nimekaa kando yako, na niliuona mguu wako wa kulia ukikanyaga sakafu kila alipokaribia kona, unatafuta breki isiyokuwepo. Nilitazama dirishani njia nzima. Ulidhani nina usingizi, ukaniambia nikulalie begani.

Mpaka hapa najua utakachosema. Utasema Kasuku, hilo ni kosa la kazi, kila mwenye kazi hukosea, hata wewe uliwahi kumpeleka mgonjwa hospitali siyo. Utanisamehe haraka, kwa sababu ndivyo ulivyo, na nitakuwa nimekuibia msamaha. Yapo mengine, na hayo si kosa la kazi.

Taarifa ile haikujiandika yenyewe. Kabla haijatoka tuliitwa chumba cha mikutano kuisikiliza ajali. Magari yale huhifadhi sauti. Alikuwepo injinia mkuu, mkuu wa ofisi, na wageni wa makao makuu kwenye skrini, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kiswahili zaidi ya asante. Kamusi alikuwa amehamishiwa kitengo kingine, kwa hiyo lugha ilikuwa yangu peke yangu. Wakabonyeza. Nikamsikia Mama na habari za cherehani. Nikalisikia onyo langu. Kisha nikakusikia wewe. Nilikujua kabla hujafika mwisho wa neno. Halafu nikamsikia Mama akikuita, si kwa jina la watoto, kwa jina lako lile analolitumia mkiwa wawili, na chuma.

Hakuna aliyejua wewe ni nani kwangu. Gari limeandikwa jina la Kaka, nami kazini natumia jina la mume wangu. Injinia mkuu akaniuliza neno alilosema dereva lina maana gani. Mdomo wangu ulikuwa na jibu zima: ni neno ambalo mkubwa humwitikia anayemwamkia, hakusikia onyo, alisikia salamu, na salamu niliipanda mimi. Badala yake nikasema ni neno la kukubali. Nikasema maana yake ni kwamba amesikia. Si uongo kamili, na hilo ndilo linaloniumiza, maana nililichagua kama fundi anavyochagua spana. Akaniuliza tena kama inawezekana maneno ya gari yalimchanganya. Walikuwa wananitazama wote. Siku chache kabla walikuwa wameniambia kwamba sauti ile itapelekwa kwenye magari ya nchi nyingine na mimi ndiye nitakayesimamia. Nikasema hapana, maneno yako wazi, ila huyu ni mzee sana.

Nilisema hivyo, Baba. Huyu ni mzee sana. Nikakuita huyu. Injinia akaandika. Nami nikanywa maji.

Sina sababu ya kukupa ambayo itasimama. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu walionipigia makofi, basi. Nilikuwa na baba wa kusingizia, nikamsingizia. Na kila ulipohesabu kinyumenyume kutoka mia, ulikuwa unatafuta ugonjwa ambao mimi ndiye niliyekuandikia. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine ndogo nyingine za kuchekesha, lakini hii nalala nayo na kuamka nayo. Nikiwaamkia wazee wa mtaani kwetu asubuhi sauti haitoki sawasawa.

Jana nilikwenda kwa injinia mkuu nikamwambia yote, pamoja na kwamba dereva ni baba yangu. Alinitaka niyatamke maneno yale mawili, tena na tena, huku amefumba macho. Hakunifokea. Aliuliza tu wazee wangapi wanaliendesha gari lile leo, akashika simu. Wenye magari wote wametumiwa ujumbe wasiliache lijiendeshe mpaka onyo libadilishwe. Kamusi amerudishwa kulitengeneza, Kamata usukani, na mlio wa kumtoa mtu kwenye ndoto. Nilipomwomba radhi hakunicheka, na ningependa angenicheka. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na sijui nitaitwa kwa lipi. Taarifa wamesema wataiandika upya. Sijui kama wataandika ukweli wote. Wakubwa wana namna ya kulainisha maneno, na aliyekuwa anawalainishia kwa Kiswahili ni mimi.

Ndiyo maana siwasubiri. Jumatatu asubuhi nitakuwa nyumbani mapema. Ukitaka kwenda ofisi ya leseni, tutakwenda, na nitasimama mbele ya karani niseme niliyoyaandika hapa. Kabla ya hapo nitapita gereji, nitamwambia fundi na benchi lake zima nani aliyekupa lile jina jipya. Kaka nitamwambia mwenyewe, na funguo za pikapu nitazidai mbele yako. Mama nitampigia magoti. Akitaka kunichapa kwa mkono mmoja uliobaki, usimzuie.

Kichwa chako hakijachoka, Baba. Uliamkiwa, ukaitika. Hukulisikia onyo ukalipuuza. Ulisikia sauti ya binti mwenye adabu ikianza kukuamkia, ukamjibu kabla hajamaliza, kama ulivyotujibu sisi sote tangu tukiwa wadogo.

Nisalimie shangazi akija. Nisalimie muuguzi, na mwambie jani la mmea alionipa limeshika mizizi. Wajukuu wanakusalimu sana, na mdogo ameniagiza nikuulize kama gari linaumwa bado.

Gari halitakuamkia tena. Nimeomba neno lile lifutwe. Litakaporudi kutoka kutengenezwa litasema Karibu, na likishasema linyamaze. Wanasema salamu yetu asili yake ni kuishika miguu ya mkubwa. Nimeitamka maisha yangu yote nikiwa nimesimama wima, tena nikaigawa kwa kitu kisicho na mikono wala magoti. Leo naiandika nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, karatasi iko juu ya godoro, na ukiona mwandiko umepinda ndiyo sababu. Hulazimiki kuijibu. Usiponiitikia Jumatatu nitaelewa, na Jumanne nitakuamkia tena.

Shikamoo, Baba.

Ni mimi mwanao,
Kasuku